Friji Hupimwa Ikiwa Wazi

Wasee, kuna kitu kuhusu zile video za jikoni za "kabla na baada" ambacho hakuna mtu anasema: hakuna mlango wowote huwa wazi. Friji imefungwa, oveni imefungwa, droo zote ziko ndani. Na hakuna mtu anapita. Ni graniti tu inang'aa na muziki nyuma.

Mathe alizitazama nyingi sana kabla chama kimfikie. Nyumba yetu iko Buruburu, zile nyumba za miaka ya 1970, na jikoni lake lina upana wa sentimita 210. Kaunta ni moja tu, ya sinki. Mathe alitaka ya pili ukuta wa mkabala, na jiko la gesi lenye oveni, na friji kubwa. Graniti akalipia mapema kabisa. Halafu Shosho akavunjika nyonga huko Murang'a, akafanyiwa upasuaji, ikaamuliwa atakuja kukaa kwetu. Anatembea na fremu, ile ya chuma yenye miguu minne, na upana wake ni kama sentimita 60.

Fundi alikuja na tepu. Nafasi ya friji 60, friji yenyewe 60. "Inaingia," akasema. Kuingia itaingia, sikatai. Lakini friji si sanduku. Inahitaji kama sentimita 5 nyuma ya kupumua, la sivyo mota inafanya kazi bila kupumzika na tokeni za stima zinayeyuka. Ukiibana kwenye kona, mlango hausogei vizuri kupita pembe mraba, na friji nyingi zikiwa hivyo ile droo ya mboga haitoki. Utakuwa unainua sukuma wiki kwa vidole kama unaiba.

Sasa fanya hesabu na mimi. Friji ya kina cha 65, weka 5 za nyuma, kisha mlango ukifunguka unaongeza 60 nyingine. Hiyo ni 130 kutoka ukutani. Toa kaunta ya sinki, 60. Kati ya mlango wa friji na kaunta umebakiwa na sentimita 20. Hapo hata paka anasema pole kwanza.

Oveni ndio ilinitia wasiwasi zaidi. Mlango wake unashuka chini na kuja mbele karibu sentimita 50. Kaunta mbili za 60 zikitazamana, njia ya katikati ni 90. Oveni ikiwa wazi, zinabaki 40, na hapo ndipo unasimama na trei ya moto mkononi. Shosho lazima apite hapo hapo kwenda mlango wa nyuma, kwa sababu asubuhi huwa anaota jua nyuma ya nyumba na hilo si jambo la kujadiliwa.

Nilimwambia mathe, akaniambia niache kumharibia siku. Basi nikachukua magazeti ya zamani nikayakata kwa vipimo halisi: kaunta, friji na mlango wake, oveni na mlango wake. Nikayabandika sakafuni kwa selotepu. Ni kazi ya nusu saa, na kama unapanga kukarabati chochote, fanya hiyo kabla fundi hajafungua hata mfuko mmoja wa simiti.

Shosho akaletwa apite. Mguu wa fremu ukakanyaga gazeti la oveni. Akasimama, akaliangalia.

"Hii ni nini, mjukuu wangu?"

"Ni mlango wa oveni, Shosho."

"Basi hapa ndipo nitachomekea."

Mathe hakusema kitu. Jioni alimpigia fundi akamwambia kaunta ya pili iwe rafu ya sentimita 35. Njia ikawa 115. Jiko likahamia upande wa sinki, kule mwisho, na friji ikatoka ikakaa sebuleni karibu na mlango. Si maridadi, nakubali.

Simlaumu sana fundi. Analipwa kwa kile anachojenga, halipwi kwa nafasi anayoacha wazi. Hiyo nafasi ni wewe mwenye nyumba utaitetea.

Chooni ndio nilikuwa mkali zaidi. Mlango ulikuwa wa 70, lakini ukitoa unene wa ubao wenyewe na ule ukingo wa fremu, unapitia kwenye 64. Fremu ya Shosho ni 60, na vidole vyake viko nje. Mbaya zaidi, mlango ulifungukia ndani. Mtu mzima akianguka kwenye choo kidogo, mwili wake unalala nyuma ya mlango, na wewe uko nje unasukuma dhidi ya nyanya yako mwenyewe. Fundi aligeuza bawaba, sasa unafungukia nje na kulala kabisa ukutani, na kitasa kinafunguka kutoka nje kwa sarafu. Bei yake ukilinganisha na graniti ni kama ya chai na mandazi.

Mtungi wa gesi, mathe alitaka ufichwe kabatini chini ya sinki, ati unaharibu picha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, na kabati lililofungwa inalijaza polepole bila wewe kujua. Mtungi wetu wa kilo 13 uko nje kwenye kizimba cha vyuma.

Na nyinyi wa bedsita msidhani hii haiwahusu. Ukuta ni wa landilodi, sawa, lakini friji ni yako. Kabla ya kulipa, pima mlango, pima ile kona ya ngazi, halafu pima kama kitanda kitaruhusu friji ifunguke.

Mathe bado analalamika kuhusu kaunta. Kile kipande cha graniti kilichokatwa, sentimita 25, kimeegemea ukuta wa nyuma. Shosho amesema fundi akirudi Jumamosi amwekee juu ya mawe mawili, akae hapo akiota jua.