Sindano na Sala

Swali tunaloulizwa mara nyingi usharikani ni hili: kwa nini mume na mke wenye watoto na umri wa kutosha wauze kiwanja ili wakasome saikolojia? Wengine huuliza kwa mzaha, kwamba labda tunajitayarisha kuhamia Mirembe. Wengine huuliza kwa hofu, wakidhani elimu ya namna hiyo itatunyang'anya imani. Tunajibu hapa kwa pamoja, kwa sababu masomo tuliyafanya pamoja na jambo lililotusukuma ni letu sote.

Jambo hilo ni mdogo wetu. Alipokuwa na miaka 22 alianza kusikia sauti ambazo sisi wengine hatukuzisikia. Akaacha kuoga, akaacha kula chakula cha nyumbani akiogopa kuwekewa sumu. Hospitali walisema ni skizofrenia, wakamwanzishia sindano ya kila mwezi. Baada ya muda alirudi shambani, akarudi hata kwenye kwaya. Kisha katika mkutano mmoja wa injili, mhubiri mgeni akawaambia wagonjwa waache dawa zao kama ushuhuda wa uponyaji. Mdogo wetu akaacha kwenda kliniki. Mwezi wa kwanza alikuwa mzima, na watu wakashangilia. Mwezi wa tatu tulimtafuta usiku kucha kwa tochi, tukamkuta kando ya reli, miguu peku. Mama alituuliza swali moja tu: "Wanangu, kwani Mungu ameshindwa?" Hatukuwa na jibu.

Ndipo tukaomba nafasi ya shahada ya uzamili katika saikolojia ya afya ya akili, kwa njia ya intaneti. Mmoja wetu ni muuguzi, mwingine ni mwalimu wa sekondari. Kwa miaka miwili tulisoma baada ya watoto kulala, kompyuta moja kwa watu wawili, na mara nyingi bando liliisha kabla ya mshahara kuingia.

Jibu la mama tulilipata katika somo la dawa. Sindano ya aina ile hukaa mwilini kwa majuma kadhaa, ikitoa dawa kidogo kidogo. Mtu akiiacha hajisikii tofauti siku ile ile. Ugonjwa unaweza kuchelewa kurudi kwa majuma, hata miezi. Mwezi ule wa vigelegele, sindano ya mwisho ilikuwa bado inafanya kazi ndani yake. Tulipomweleza mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi hata ile sindano ilikuwa mkono wake."

Tulijifunza pia kuuliza. Kuna dodoso fupi la kupima sonona linaloitwa PHQ-9. Lina maswali tisa kuhusu majuma mawili yaliyopita: usingizi, chakula, uchovu, kukosa hamu, kujiona huna thamani. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya juu ni 27. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Wengi wetu huogopa kuligusa, tukidhani tutampandia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti haukuonyesha hivyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu, maana hatimaye kuna mtu aliyeuona mzigo wake. Kwetu watu hawasemi wana sonona. Husema moyo ni mzito, mawazo yamezidi, mwili hauna nguvu. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari Dixon Chibanda alipoanzisha huduma ya Benchi la Urafiki mjini Harare mwaka 2006, aliwafundisha akina bibi wa mtaani kusikiliza watu wakitumia maneno hayo hayo ya nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na akina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tulipousoma tuliwaza juu ya akina mama wetu wa umoja wa wanawake.

Na imani je? Tuliingia masomoni tukitarajia kuchekwa. Lakini hata mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM, unaeleza kwamba imani inayokubalika katika dini au utamaduni wa mtu haihesabiwi kuwa dalili ya ugonjwa. Sala si kichaa. Wala Kanisa si geni katika kazi hii. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Waliotutangulia waliomba na kuuguza.

Tunamkumbuka Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwachia mkate na maji, akamwacha alale, akaja mara ya pili akamlisha tena. Safari ya Horebu ilikuja baadaye.

Mdogo wetu amerudi kwenye sindano. Si kila kitu kimerudi. Kwaya hajaiweza tena, na kuna siku sauti bado zinamsumbua. Tunamwombea kila jioni, na tarehe ya kliniki tumeiandika ukutani karibu na kalenda ya kanisa. Lakini kuna dawa ambayo kliniki haina. Jumapili akiingia ibadani, benchi analokaa hubaki tupu pande zote mbili. Shahada zetu haziwezi kulijaza benchi lile. Wapendwa, mkimwona, msogeleeni. Msalimieni kwa jina lake, muulizeni habari za shamba, naye atawajibu. Bwana atupe sote moyo wa kukaa karibu.