Nakala ya Mama

Jumamosi ya maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake, Januari 27, 2024, nilirudi kwangu Zimmerman sauti imekauka. Usiku huo huo nikaandika, kwa simu, bando ikielekea kuisha. Niliandika kuhusu ile tabia yetu ya kuuliza, "Alikuwa ameenda kufanya nini huko?" kabla hata hatujauliza nani alimuua.

Tovuti moja ikaichukua. Mhariri (mpole tu, sina kinyongo naye, sawa, ninacho kidogo) akabadilisha kichwa bila kuniambia. Changu kilikuwa "Tumuulize Muuaji". Chake kilisema mrembo amewatolea wanaume uvivu. Kumbe biashara ndiyo hiyo: mwanamke akileta hoja wanauza hasira, kwa sababu hasira ndiyo watu hubofya. Nililipwa elfu moja mia tano kwa M-Pesa baada ya wiki saba. Matusi yalifika siku hiyo hiyo, bila kucheleweshwa.

Mimi nilijua uandishi wa maoni kupitia Rasna Warah. Butcher wetu alifunga nyama kwa Daily Nation, na nilikuwa nikisoma safu yake kabla mama hajatupa karatasi. Mwanamke anabishana na wakubwa, wiki baada ya wiki, na jina lake liko pale juu. Baadaye akawa anaandikia The Elephant, mtandaoni, na mimi nikamfuata huko.

Alipofariki Januari 2025 nilitaka kuandika kumhusu. Mhariri mwingine akasema sawa, nitumie kwanza sampuli ya kazi yako. Nikafungua linki. Hakuna kitu. Tovuti ilikuwa imefungwa kimyakimya, na yangu yote humo. Simu niliyoandikia nayo ilishaibiwa kwa matatu zamani.

Nikampigia mama kulia tu. Mama ambaye tangu niache chuo mwaka wa pili hunisalimia na, "Bado unaandika-andika?"

"Ile ya wale wasichana?" akauliza. "Si ninayo."

Alikuwa ameprinti saiba, shilingi kumi kila ukurasa, kurasa nne, akaziweka ndani ya Biblia. Nilipozikuta, ya kwanza ilikuwa fupi kuliko zingine. Kichwa amekikata kwa makasi.

"Hayo hukuandika wewe," akasema, akarudi kwa sufuria yake.