Mjomba bega bovu, mwenzenu nikamnunulia fimbo laini!

HIVI wewe msomaji wangu, ukiambiwa mzee wako ana bega bovu, halafu ukaenda dukani kumchagulia fimbo ya kuvulia samaki, ungechukua ipi? Ile nyepesi, laini, inayonesanesa, siyo? Basi mwenzenu nilifanya hivyohivyo, nikaumbuka mbele ya mjomba wangu, mbele ya kijana wa boti na mbele ya kiboko mmoja aliyekuwa ametoa macho tu pale majini.

Ngoja nianzie mwanzo.

Mjomba, kaka yake mama, ni mtu wa Tanga. Mwaka 1984 alivuka mpaka kwenda kutafuta maisha Kenya, akatua Naivasha, akaoa hukohuko na hakurudi tena. Alifanya vibarua mpaka akapata boti ndogo ya injini, akawa anabeba wageni na mabwana wa Nairobi wanaokuja wikiendi kuvua. Baba yangu alipofariki, hela ya boti hiyo ndiyo iliyonilipia ada kuanzia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Kila muhula, hajawahi kuchelewa. Kwa hiyo nikisema nina deni kwa mjomba, simaanishi deni la kusema tu.

Samaki wanaowafuata pale ziwani anaitwa besi. Usicheke, siyo besi ya spika wala basi la kwenda Mbagala. Ni samaki wa Marekani, ana mdomo mpana kama bakuli, na walimpeleka Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watu wanaovua kwa starehe. Mwaka 1970 wakapelekwa na kamba wekundu wa Louisiana, na besi akaanza kuwala bila kuuliza. Yaani mtu kahamia ugenini, halafu chakula cha kwao kikamfuata!

Besi hapendi uwanja wazi. Anajificha pembeni ya mafunjo, chini ya magugu maji, na siku hizi kwenye migunga iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji, maana ziwa lilipanda sana na mwaka 2020 likaingia mpaka kwenye nyumba za watu. Anakaa kivulini kama kibaka wa uchochoroni, anasubiri kinachopita.

Zamani mjomba alikuwa anarusha ndoano kwa kupitisha fimbo juu ya kichwa, inakwenda mbali kweli kweli. Sasa bega la kulia likagoma. Daktari akamwambia huo mkono usipande juu ya bega tena. Mtu mwingine angeacha. Mjomba akasema upo mrusho mwingine, Wamarekani wanauita pichingi, na ule hauhitaji bega.

Nikaonyeshwa uani, kwa ufagio na kamba. Unaachia mshipi unaning'inia kutoka ncha ya fimbo, chambo unakishika kwa mkono wa kushoto usawa wa kiuno. Fimbo inaangalia chini. Halafu unainua ncha taratibu huku unaachia chambo, kinabembea kama mtoto kwenye pembea, na kidole gumba kinalegeza rili. Chambo kinapita chini chini juu ya maji, kinatua bila kishindo mita nne, tano, sita mbele, palepale kwenye tundu ulilolitaka katikati ya matawi. Nguvu yote inatoka kwenye kiwiko na kiganja. Mzee wa miaka 67 anaweza kufanya hivyo kutwa nzima.

Tatizo fimbo. Yake ya zamani ilikuwa ya faibaglasi, nzito kama mchi. Nikajipiga kifua: mjomba, hilo niachie mimi.

Nikaingia duka moja Nairobi. Muuzaji, kijana mtanashati, nikamwambia ni ya mzee mwenye bega bovu. Akanitolea fimbo ya futi 6, nyepesi, rangi ya bluu inayong'aa, ukiitikisa inacheza yote kuanzia ncha mpaka kwenye kishikio. "Hii haitamchosha," akaniambia. Shilingi 4,500 za Kenya, na mshipi wa nailoni juu. Mimi nani nibishe? Nikalipa, nikatoka kifua mbele. Kwa kweli nilichagua ile fimbo kama watu wanavyochagua viatu vya harusi.

Jumamosi alfajiri tukaingia ziwani: mjomba mbele, mimi katikati, kijana wa boti nyuma akichunga viboko. Mjomba ana sheria yake, ghuba wanakolala viboko haingii hata umpe milioni. Tukasogea kwenye migunga mikavu. Mrusho wa kwanza chambo kikatua fyongo, maana ile fimbo ilikuwa inaendelea kutikisika hata baada ya mkono kusimama. Wa pili hivyohivyo. Kama wa kumi hivi, kamba wa plastiki akazama vizuri ubavuni mwa mti, mshipi ukaenda pembeni. Besi!

Mjomba akainua. Fimbo ikapinda. Ikaendelea kupinda. Ikapinda mpaka kwenye kishikio, na samaki hajasogea hata shubiri. Ikabidi mzee azidishe mkono juu, ukapanda kulekule daktari alikokataza, nikamsikia akiguna. Besi akazunguka shina mara moja tu, mshipi ukasema "tap!" Kimya.

Mjomba akakaa chini ameshika bega. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema neno moja tu: "Turudi."

Usiku ule mkewe, ambaye namwita mama, akanivuta pembeni jikoni. Akaniambia kuna mtu ameulizia boti na mzee ameanza kumsikiliza. "Hii maneno ya bega imemvunja roho," akasema. "Akiuza hiyo boti, huyu atakaa tu hapa kwa nyumba aangalie ukuta." Sikulala vizuri, wasomaji wangu.

Asubuhi nikamfuata kijana wa boti, anaosha injini. Nikamuuliza nimekosea wapi, akacheka kwanza mpaka akamaliza. Kisha akachukua ile fimbo yangu ya bluu, akanipa ncha nishike. "Vuta." Nikavuta. Yeye akainua mkono futi mbili nzima, na mimi kule kwenye ncha nikahisi kama nimevutwa inchi chache tu. Halafu akachukua ile kongwe ya mjomba, akainua kidogo sana, na mkono wangu ukaja wote.

Hapo ndipo nikaelewa. Fimbo laini inameza kazi ya mkono. Mzee anainua, fimbo inapinda, nguvu imeishia njiani. Kwenye maji mapana hiyo haina ubaya, ni nzuri hata, maana samaki anakimbia anachoka mwenyewe na ndoano haichani mdomo. Lakini katikati ya matawi huna muda wa kumchosha mtu. Sekunde mbili za kwanza ama umemtoa kwenye nyumba yake ama amefunga mlango. Kwa hiyo mwenye mkono dhaifu ndiye anayehitaji fimbo ngumu zaidi, ili ainue kidogo na samaki aje. Na mimi nilikwenda kinyume kabisa, kwa huruma!

Nikarudi Nairobi, duka lingine. Safari hii sikumwachia muuzaji mdomo. Pale juu ya kishikio pameandikwa kila kitu: urefu, herufi za nguvu, uzito wa mshipi na uzito wa chambo. M ni ya wastani, na ndiyo iliyoniponza. MH ni ngumu kiasi, H ngumu kweli. Nikataka H nimalize mchezo. Nikaifunga rili, nikaishika kama mjomba anavyoshika, dakika tano kwa saa. Ya tatu kiganja kikaanza kulalamika, ncha inaelemea chini. H inawafaa wanaotoboa blanketi la magugu maji kwa risasi ya gramu 28. Mjomba anarusha gramu 10 mpaka 14 kwenye miti na pembeni ya mafunjo. Nikaiacha.

Urefu nao una mambo yake. Wakubwa wa mchezo huu wanapenda futi 7 na nusu. Mvuvi Dee Thomas wa California, aliyeupa umaarufu mrusho ulio ndugu ya huu miaka ya 1970, alitumia urefu huohuo. Lakini mjomba ni mfupi, futi 5 na inchi 4, tena anarusha ncha ikiwa chini. Ukimpa ndefu kupita kiasi itachota maji kila anapobembeza, na samaki akivuta, urefu wote huo unamlemea yeye. Nikachukua futi 7, MH, kaboni, ncha peke yake ndiyo inayocheza, robo ya juu hivi. Kutoka hapo kushuka ni ufagio. Ile ncha lazima icheze, bila hivyo chambo hakibembei. Kishikio kirefu, kitako chake kinafika kwenye kiwiko, ili akiinua fimbo ilale chini ya mkono na mkono wa pili usaidie. Nikapitisha pamba kwenye pete zote, isinase popote, maana pete yenye ufa inakata mshipi kama wembe. Na mshipi nikachukua wa kusuka, paundi 50. Nailoni hapana tena.

Shilingi 14,000. Za Kenya! Piga hesabu mwenyewe za Bongo, karibu laki tatu. Nilikuwa nimeshachacha, ikabidi niguse mfuko wa kodi, ile miezi sita ambayo mimi na mchumba wangu tulikuwa tunadunduliza Dar. Nikampigia. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Fimbo?" Nikasema ndiyo. "Ya samaki?" Nikasema ndiyo mpenzi. Akakata.

Kuifikisha Naivasha nako kisa kingine, maana fimbo nzuri ya namna hii mara nyingi haikunjiki, ni kipande kimoja. Nikaitia kwenye bomba la plastiki la fundi maji. Kondakta wa matatu akanitoza nauli ya mtu mzima kwa ajili ya bomba, akadai limekalia siti. Halikukalia siti, nililishika mimi njia nzima katikati ya magoti.

Jumapili tukarudi kwenye mgunga uleule. Mjomba alikuwa mkimya, nikajua ananifurahisha tu mimi mgeni. Mrusho wa kwanza ukapita chini chini, ukatua bila hata duara kubwa. Akaniangalia. Akarusha tena. Saa nzima anarusha bila kupapasa bega, nami nahesabu bila kumwonyesha kwamba nahesabu.

Mshipi ulipokwenda pembeni, alikaza kitako cha fimbo chini ya kiwiko, mkono wa kushoto ukapanda mbele, akaegemea nyuma mwili mzima. Mkono haukupita kifua. Ncha ikapinda, fimbo ikakataa, na besi akatoka kwenye matawi akipiga mkia juu ya maji, hajui kilichomtokea. Kama kilo moja na nusu, siyo wa kupigia picha ukutani. Kijana wa boti akamdaka mdomo.

Mjomba akaigeuzageuza fimbo. Nikasubiri asante. "Mjomba," akaniambia, "kitako chake kinanichoma mbavu." Akarusha tena.

Yule mnunuzi alikuja jioni ileile, kaketi sebuleni na bahasha yake. Mjomba akamwagizia chai, akamwambia boti bado ina kazi kidogo, apite baada ya Pasaka. Mama alikuwa mlangoni kashika sahani ya samaki wa kukaanga, akanikonyeza.

Mimi nimerudi Dar. Mchumba ameanza kupokea simu, ingawa ananiita "bwana mvuvi" mbele ya watu. Kilichobaki ni mwenye nyumba. Nilimpelekea besi wawili waliokaushwa vizuri kwa moshi, akaniambia yeye hali samaki.