ALAMA ZA LUGHA YETU

Wengi wanatuuliza: ile lugha ambayo sisi watano wa bweni tuko tunaandika katika vikaratasi, iko namna gani? Maneno yake ni siri yetu. Lakini alama zake nitazieleza, sababu zilitupa kazi kupita maneno.

Mwanzoni hatukuweka alama hata moja. Tulisema maneno yanatosha. Kumbe hapana! Kisha mtihani wa hesabu, mwenzetu mmoja alimwandikia mwingine: “Wewe unatupita wote kwa akili.” Alitaka kuchekesha tu. Yule mwingine, aliyepata pointi chache, akaona ni tusi. Siku nane hawakusemeshana, na vitanda vyao vinafuatana. Kama angalisema kwa kinywa, sauti ingalionyesha mchezo. Karatasi haina sauti. Ndipo tukakaa kutafuta alama.

Kwanza, ya kuuliza. Katika Kiswahili “Umekula” na “Umekula?” ni neno lile lile; anayesoma kwa sauti anajua ni swali wakati amekwisha kufika mwisho. Wahispania waliona shida hiyo zamani. Mwaka 1754 Akademia yao iliamua kuweka alama ya kuuliza iliyopinduliwa mbele ya swali. Sisi tuliweka kiduara kidogo mbele, basi.

Pili, ya kumaliza. Watu wa Etiopia wanamaliza kwa nukta nne. Tuliwafuata, sababu nukta moja ya biki inapotea katika kaye.

Tatu, ya mzaha. Hiyo ilitusumbua siku nyingi. Mwingereza John Wilkins, aliyetunga lugha yake mwenyewe katika kitabu cha 1668, alitaka alama ya mshangao iliyopinduliwa kwa maneno ya kejeli. Mfaransa Hervé Bazin, mwaka 1966, alitoa alama sita mpya: ya mapendo, ya mashaka, na nyingine. Hazikuingia katika vitabu vyetu vya shule. Kwa nini? Mimi naona hivi: alama si mchoro tu, ni mapatano, na mtu hawezi kupatana peke yake. Sisi tuko watano tu, lakini tulipatana: mstari wa mawimbi chini ya neno, kama kinywa kinachocheka. Wale wawili ndio walichora wa kwanza, kila mmoja nusu yake.

Mmoja wetu aliomba pia alama ya hasira. Tulibishana mpaka taa zikazimwa. Mwisho tulikataa. Mwenye hasira aache karatasi, amfuate mwenzake, waonane uso kwa uso.

Basi, ndugu, hata ninyi msio na lugha ya siri, mkiandika barua ao ujumbe katika simu, someni kwanza kama mtu asiyesikia sauti yenu. Yeye ataona wino tu.

Mwanafunzi wa klasi ya tano