Sheria, Wema na Mtu wa Kati

Wema na sheria vikikaa pamoja, mtu hudhani ni kitu kimoja. Vikiachana, ndipo hujua kuwa vilikuwa viwili. Wako watu wanaoishi miaka mingi bila ya kuona siku ya maachano hayo, na hao nawahesabu kuwa wana bahati. Mimi niliiona nikiwa na umri wa miaka kumi na minane. Walakini sikupata maneno ya kuieleza mpaka likizo iliyopita, na maneno hayo niliyapata katika mchezo wa vijana.

Mpwa wangu ni mwanafunzi wa chuo, na nyumbani kwao ni Mwanza. Nilipokwenda kuwatazama alinikaribisha mezani pamoja na rafiki zake watatu, tukacheza Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa kwa watu mwaka 1974. Mchezo huu hauhitaji mshindi. Mmoja husimulia safari ya hatari, wengine huwa wasafiri ndani ya hadithi yake, na dadu yenye nyuso ishirini huamua kama upanga umepata au umekosa. Kila mchezaji huandika karatasi ya mtu wake: jina lake, nguvu zake, kazi yake na mali yake. Katika karatasi hiyo iko nafasi moja ndogo inayouliza mtu huyo ni wa upande gani.

Hapo mwanzo pande zilikuwa tatu: sheria, fujo na kati. Ilipofika mwaka 1978 zilikuwa zimekuwa tisa. Mstari mmoja humpima mtu na sheria: yuko anayeishika, yuko anayeivunja, na yuko wa kati. Mstari wa pili humpima mtu na wenzake: yuko mwema, yuko mwovu, na yuko wa kati. Mistari miwili ikikatana huzaa vyumba tisa, na viumbe wengi katika mchezo hupewa vyumba vyao.

"Mjomba, chagua chumba," alisema mpwa wangu.

Nilichagua kile cha katikati kabisa, cha mtu asiyeegemea sheria wala fujo, wema wala uovu. Kijana alicheka akasema, "Mjomba umechagua chumba cha watu wasiopenda kuulizwa." Rafiki zake walicheka pia. Dada yangu, mama yake, aliyekuwa akimimina chai, hakucheka. Tulitazamana mara moja, kisha akaendelea kumimina.

Yapasa nieleze kwa nini hakucheka.

Baba yetu alikuwa Mkurya wa Tarime. Alikuwa mtu mnyofu. Katika nchi ambayo wizi wa ng'ombe ulipata kuhesabiwa ushujaa wa vijana, hakuwahi kufunga katika zizi lake ng'ombe asiyejua alikotoka. Watu walipokutana katika ritongo kuamua magomvi, neno lake lilisikilizwa, kwa kuwa alihukumu jamaa yake kama alivyohukumu mgeni. Mwezi wa Desemba mwaka 1998 wazee wa inchama waliutangaza msimu wa tohara, na baba, ambaye hakuwahi kuivunja desturi hata moja, alisema dada yangu atakwenda pamoja na wasichana wenzake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba hakusema hayo kwa ukatili. Alimpenda, na aliogopa kuwa binti yake ataitwa msagane maisha yake yote, asiolewe wala asiheshimiwe.

Mama hakubishana naye. Usiku wa pili alimchukua mtoto wakaondoka, kwa miguu na kwa lori la mizigo, wakavuka Mto Mara, wakafika wilaya ya Serengeti kwa kaka yake. Asubuhi baba aliniuliza wamekwenda wapi. Nilikuwa nimewasikia wakitoka, nilikuwa macho. Nilijibu kuwa sijui. Uongo huo ungeweza kuwa wema kama ningeusema kwa ajili yao, lakini niliusema kwa ajili yangu. Jioni ya kabla ya hapo mama alikuwa ameniomba niwasindikize hadi barabarani, kwa kuwa njia ilikuwa na giza na matope. Nilimwambia kuwa mambo hayo ni ya wakubwa, na mimi simo upande wowote.

Mjomba wangu aliyewapokea alikuwa Mwikoma, na alikuwa ametoka gerezani mwaka uliotangulia kwa kukutwa na nyama ya nyumbu. Katika ukoo wake kuwinda kulikuwa kazi ya wanaume tangu zamani. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa, na kadiri mipaka na amri zilivyoongezeka, mwindaji akawa jangili. Mshale ni ule ule, nyumbu ni yule yule, na njaa ya nyumbani ni ile ile. Kilichobadilika ni jina. Tangu mwaka 2020 serikali imeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, na nyama iliyompeleka mjomba gerezani mtu aweza leo kuinunua kwa risiti. Sisemi kwamba hifadhi ilikosea kuwalinda wanyama, maana bila ya ulinzi huo yumkini wasingebaki wa kulindwa. Nasema tu kwamba mtu mmoja aweza kuhamishwa chumba naye ameketi pale pale.

Mjomba huyo hakuwa mtakatifu. Alikuwa mlevi, na mkewe alimwogopa. Huko kwao nako desturi ya kuwakata wasichana ilikuwapo. Walakini jamaa za baba walipofika kumdai mtoto, alisimama mlangoni na upinde wake, akasema mtoto wa dada yake hatatolewa katika nyumba yake. Siku hizo hapakuwa na nyumba salama za wasichana kama zilizopo leo Mugumu na Masanga. Nyumba salama ilikuwa ile, na mlinzi wake alikuwa mfungwa wa jana.

Sasa na tuwaweke watu hawa katika vyumba tisa, msomaji. Baba aliishika sheria; lakini sheria ipi? Mwaka ule ule wa 1998 Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyomfanya mtu anayemkata au kumkatisha msichana wa chini ya miaka kumi na minane aliye katika ulezi wake kuwa mhalifu wa kufungwa miaka mitano au zaidi. Sidhani kuwa kitongojini petu alikuwako mtu aliyeisikia. Kwa mila baba alikuwa mtii na mama mwasi. Kwa dola mama alikuwa mtii na baba mwasi. Nao wote wawili hawakujua. Mchezo una sheria moja kwa sababu msimulizi wake ni mmoja. Sisi tulikuwa na wasimulizi wawili, na kila mmoja alikuwa na dadu yake.

Hata hivyo siudharau mchezo. Umefanya jambo ambalo vitabu vyetu vingi vya malezi havikulifanya: umeuweka utii katika mstari mmoja na wema katika mstari mwingine. Sisi tulifundishwa kuwa mtoto mwema ni mtoto mtii, na hatukufundishwa afanye nini utii unapomtaka amdhuru mwenziwe. Kijana anayecheza mchezo huu hujua, kabla ya kufika miaka ishirini, kuwa yuko mtu mwema asiyetii na yuko mwovu asiyevunja amri hata moja. Elimu hiyo si ndogo.

Kosa la vyumba ni kwamba hupewa mtu, na saa nyingine kabila zima, kabla ya tendo. Katika mchezo huo yako mazimwi yaitwayo orki. Kitabu cha mwaka 1977 kiliyaandika kuwa maovu yenye kushika sheria. Kitabu cha mwaka 2000 kikayaandika kuwa maovu yenye fujo. Mazimwi hayakutenda neno lolote katika miaka hiyo. Aliyebadili nia ni mwandishi. Nilipoyasoma hayo niliwakumbuka watu waliosikia kabila langu wakatafuta panga mkononi mwangu. Nasi Wakurya tumeandikiwa chumba na watu wasiotujua, na wako vijana wetu waliokiamini wakaingia.

Baba yangu alikaa miezi mingi bila ya kusema na mama. Hakukiri kuwa alikosea, na alikufa bila ya kukiri. Lakini dada yangu alipopata nafasi ya masomo ya juu, aliuza ng'ombe wawili akalipa ada, na alipoulizwa na wazee kwa nini anamsomesha msagane alijibu kuwa ng'ombe ni wake. Sijui chumba cha mtu wa namna hiyo. Najua kuwa alifanya neno moja baya, akazuiwa na mkewe, akafanya neno moja jema.

Kilichobaki ni chumba cha kati. Nilidhani ni mahali pa kupumzikia, pasipo lawama. Lakini usiku ule mama alipita gizani na mtoto peke yake, na mtu aliyekuwa kati hakuwa kati ya mila na dola, wala kati ya wema na uovu, alikuwa kitandani.

Wageni walipoondoka, dada yangu alikusanya vikombe akaniambia, "Kaka, hukujua la kufanya." Nilimjibu kuwa nilijua. Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nimshikie taa, umeme ulikuwa umekatika, nami nikasimama karibu naye mpaka alipomaliza kuosha.