Nzi Hamsini

Nkambo wangu aliletwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, kwa mkataba wa kazi ya shaba miaka ya 1920, na katika masimulizi yake nzi walitajwa zaidi kuliko shaba. Mwaka 1929 amri ilitoka: mfanyakazi alete nzi hamsini kila siku, ndipo apewe posho yake. Asiye na nzi hana unga.

Sisi wajukuu, pale mtaani Kamalondo, tulicheka. Yeye hakucheka. Alitueleza jinsi watu waliotoka kazini hoi walivyokwenda kuinama jalalani na kando ya vyoo, maana huko ndiko nzi walikojaa. Wake na watoto walisaidia kuwakamata. Kisha nzi wakafungwa kwenye jani, watu wakapanga mstari, kapita, yaani msimamizi, akahesabu. Mtu alisukumwa uchafuni kwa jina la usafi, akiwa na njaa.

Sisemi madaktari walikosea kuhusu nzi. Kweli hueneza kuhara damu na homa ya matumbo, na kambi za migodi zilizika wengi kwa maradhi hayo na kwa kichomi. Mafua makali ya 1918 nayo yalikuja kwa reli kutoka kusini. Lakini dawa ya kambi ilijulikana. Daktari Pearson wa kampuni ya migodi ya Union Minière na Daktari Mouchet walichapisha kitabu mwaka 1923 juu ya usafi wa kambi za Waafrika, miaka sita kabla ya amri ile ya nzi. Nyumba bora, maji safi na vyoo ni kazi ya mwajiri. Ya nini kulitwika tumbo la mchimba madini mzigo huo?

Na kulikuwa na ile kanda tupu kati ya mji wa Wazungu na sisi, iliyoachwa ili mbu wasiruke kutoka kwetu kwenda kwao. Wapishi, wafua nguo na yaya waliivuka kila alfajiri. Usiku, asiye na karatasi ya ruhusa alikamatwa. Katika hesabu hiyo ya afya, hatukuwa watu wa kukingwa. Sisi ndio tuliokuwa ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2013 Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa Lubumbashi, alizipanga picha za kanda hiyo zilizopigwa kutoka angani pamoja na picha za wadudu wa makumbusho, akaweka na picha ya kampeni ile ya nzi ya 1929. Nkambo hakutia chumvi hata kidogo.