Twende Tukaone Barafu ya Kilimanjaro

Ndugu msomaji, ukisimama Moshi au Himo asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajapanda, utaona kilele cha Kibo. Juu kuna weupe. Watu wengi huunyoshea kidole weupe huo na kusema, "Maji yetu yanatoka pale, kwenye theluji."

Mimi ni Bwana Shamba. Nimefanya kazi na wakulima wa mifereji kwa zaidi ya miaka ishirini, na maneno hayo nimeyasikia kila kijiji. Siku hizi yameongezwa mengine. Watu husema, "Theluji inakwisha, basi na maji yanakwisha. Sisi tutafanya nini?" Maneno haya si madogo. Mtu akiamini hivyo hukaa tu. Haoni sababu ya kusafisha mfereji, wala ya kuzima moto ukiwaka msituni.

Kwa hiyo leo nataka tupande wote mpaka kwenye barafu yenyewe. Ukifika utajionea maji yapo wapi na hayapo wapi.

Huwezi kwenda peke yako. Sheria ya Hifadhi ya Taifa inataka kila anayekwenda kileleni awe na mwongozaji mwenye kibali. Sheria hiyo ni nzuri. Mlima huu una urefu wa meta 5,895, na huko juu hewa ni nyembamba sana. Ukivuta pumzi kileleni unapata kama nusu tu ya hewa unayoipata ukiwa Tanga au Dar es Salaam. Mwongozaji anajua kukutazama usoni na kusema kama utafika au utarudi. Wako pia wapagazi wa kubeba chakula na mizigo. Kanuni hairuhusu mpagazi kubebeshwa zaidi ya kilo 20 za mgeni.

Tunapita njia ya Marangu, kwa sababu njia hiyo ina mabanda ya kulala. Safari ni siku tano au sita kwenda na kurudi. Chukua koti zito, kofia ya kufunika masikio, glavu, soksi za sufu na tochi. Viatu viwe vigumu na uwe umekwisha kuvivaa siku nyingi. Kiatu kipya kitakuchuna miguu siku ya kwanza.

MSITU

Siku ya kwanza ni saa tatu au nne za kutembea ndani ya msitu, mpaka banda la Mandara, meta 2,700 hivi kutoka usawa wa bahari. Watu wengi huenda mbio hapa, maana mawazo yao yako kileleni. Mimi nakuomba usiende mbio. Simama.

Tazama miti. Matawi yamevaa kuvumwani kama nguo, na kuna majani mengine yananing'inia kama ndevu za mzee. Mbega wanaruka juu. Sasa sikiliza. Unasikia maji upande wa kushoto, unasikia maji upande wa kulia. Hata siku ambayo mvua hainyeshi, matawi yanadondosha matone. Matone hayo ni ukungu. Mawingu yanapita kati ya miti, na kuvumwani zile zinanasa ukungu, zinaugeuza matone, na matone yanaanguka chini. Udongo wa msitu ni laini kama sponji. Unayanywa maji polepole na kuyatoa polepole, mpaka yanatokea chini kama chemchemi.

Wataalamu wameweka vyombo vya kupimia mvua mlimani. Upande wa kusini, katika msitu wa meta 2,000 na zaidi kidogo, mvua ya mwaka mmoja hukaribia milimeta 3,000. Mkulima anayeishi tambarare chini ya Moshi anajua kwamba yeye hapati hata nusu yake. Kumbuka hesabu hiyo, tutaihitaji mbele.

Siku ya pili tunatoka msituni na kuingia kwenye vichaka virefu vya majani membamba. Halafu vichaka vinakuwa vifupi, vinageuka nyasi. Banda la Horombo lipo meta 3,700 hivi. Karibu na vijito utaona mmea wa ajabu. Una shina nene kama mgomba na kichwa kama kabichi kubwa. Majani yake yaliyokauka hayaanguki. Yanabaki shinani kama blanketi, maana usiku kuna baridi kali. Wageni wengi hulala Horombo siku mbili ili mwili uzoee. Kama fedha zinatosha, fanya hivyo.

MAJI YA MWISHO

Siku ya kwenda banda la Kibo ndiyo iliyonifundisha kuliko zote. Ukitoka Horombo unavuka kijito kidogo. Hapo pana kibao kinachosema kwamba hayo ni maji ya mwisho. Wapagazi wanajaza madumu hapo na kuyabeba. Mbele yako Kibo imesimama na barafu yake, karibu kama unaweza kuigusa. Lakini kuanzia hapo hakuna mto, hakuna kisima, hakuna chemchemi. Unatembea saa kadhaa katika jangwa la mawe na vumbi, katikati ya Mawenzi na Kibo. Maji ya chai utakayokunywa kwenye banda la Kibo, meta 4,700 hivi, yamebebwa mgongoni mwa mtu.

Nilimwuliza mwongozaji wetu, mtu wa Marangu aliyepanda mlima huo tangu ujana wake, "Mzee, barafu ile pale. Maji yake yako wapi?"

Akacheka. Akasema, "Maji tumeyaacha chini, Bwana Shamba. Huku juu sisi ni wachukuzi wa maji."

Ndugu msomaji, fikiri vizuri. Kama mito yetu ingetoka kwenye barafu, tungekuta maji mengi zaidi kila tunapoikaribia. Sivyo ilivyo. Tunapoikaribia barafu, maji yanapungua mpaka yanakwisha. Mvua ya huku juu haifiki hata robo ya ile ya msituni.

Kwa nini barafu haitoi maji mengi? Sababu moja ni kwamba iliyobaki ni kidogo. Sababu nyingine ni jua na ukavu. Bila shaka umewahi kuona vile vidonge vyeupe vinavyowekwa sandukuni ili nondo wasile nguo. Baada ya miezi kidonge kimekuwa kidogo, lakini nguo hazikulowa. Kimekwenda hewani bila kuwa maji. Barafu ya Kibo nayo hufanya hivyo. Sehemu yake hugeuka mvuke moja kwa moja na kupeperuka. Sehemu nyingine huyeyuka, na maji hayo huingia katika vijito vya juu, lakini ni machache ukilinganisha na mvua ya msitu.

USIKU WA KUPANDA

Utaamshwa karibu na saa sita za usiku. Watu huuliza kwa nini wasipande mchana. Njia ni changarawe tupu, na mchana miguu inateleza, hatua mbili mbele, hatua moja nyuma. Usiku changarawe imeshikwa na baridi, inakuwa ngumu. Mwongozaji anatangulia, nanyi mnafuata mstari mmoja. Neno lake ni moja tu: "Polepole." Si salamu, ni dawa.

Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Lakini ukianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa kohozi lenye povu, au kusema maneno yasiyoeleweka, huo ni ugonjwa wa mlima na unaua. Dawa yake ya kwanza ni kushuka, saa ile ile, hata kama ni giza na kilele kinaonekana. Usimfiche mwongozaji. Vijana wenye nguvu ndio hufichaficha, nao ndio wanaobebwa.

Alfajiri unafika ukingoni, mahali paitwapo Gilman's Point, karibu meta 5,700. Jua linatoka nyuma ya Mawenzi. Kutoka hapo unatembea juu ya ukingo wa shimo kubwa la volkano kuelekea Uhuru. Na sasa, ndugu yangu, barafu hiyo hapo.

Mkono wa kulia, ndani ya shimo, kuna kipande kimesimama peke yake juu ya majivu makavu. Mkono wa kushoto barafu imeteremka kwenye ubavu wa kusini. Si kama barafu ya kwenye friji. Ni ukuta uliosimama wima, mrefu kuliko nyumba, wenye rangi ya buluu ndani yake na mistari ya vumbi kama tabaka za udongo. Njia haipiti juu yake, inapita kando. Nilisimama karibu nao nikasikia ukilia, ta, ta, jua lilipoupiga. Mguuni pake palikuwa pakavu. Nilitia kidole katika mchanga. Hapakuwa na tope.

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliuona weupe huu kutoka mbali. Alimwuliza mwongozaji wake, Bwana Kheri, ni kitu gani. Bwana Kheri akajibu kwamba ni baridi. Rebmann alipoandika habari hiyo, wasomi wa London walikataa. Walisema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Watu wa Marangu hulikumbuka jina la Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza mlimani. Ili kufika ukingoni, Meyer na mwenzake walichonga ngazi katika barafu kwa shoka. Sisi tumefika ukingoni kwa njia yetu juu ya changarawe.

Hesabu zinasema hivi. Mwaka 1912 barafu ilifunika karibu kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 hazikufika mbili. Dunia imepata joto, na hata kabla ya hapo theluji mpya ilikuwa imepungua. Theluji mpya ni kama bati jipya: inarudisha jua. Isipoanguka, barafu ya zamani yenye vumbi hulinywa jua na kuliwa. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu za Afrika, zikiwemo hii ya Kilimanjaro na ile ya Mlima Kenya, huenda zikatoweka ifikapo mwaka 2050. Mimi sifurahi hata kidogo. Watoto wetu huenda wakauona mlima mweusi. Mwongozaji wetu alinyamaza kimya mahali hapo, kisha akanionyesha jiwe. Alisema ujanani mwake barafu ilifika kwenye jiwe hilo.

Lakini mfereji wako haunywi barafu hii.

KUSHUKA

Kushuka ni haraka, na magoti yatakuuma. Ukipita tena kwenye vile vichaka virefu juu ya msitu, tazama mashina meusi. Hapo moto ulipita. Oktoba 2020 moto mkubwa uliwaka sehemu hizi, ukaunguza kilometa za mraba zaidi ya 90, na mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi, wanavijiji.

Mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Andreas Hemp, amechunguza mlima huu miaka mingi. Ameonyesha kwamba moto umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba maji yanayopotea kwa kuungua miti inayonasa ukungu ni mengi kuliko yale tunayopoteza kwa kuisha barafu. Moto mwingine huwashwa na warina asali wanaofukuza nyuki kwa vienge, kisha kienge kinaachwa. Nawajua warina asali. Ni watu wa kazi, wanatafuta ada za shule. Ndiyo maana sisi mabwana shamba tunahimiza mizinga ya kisasa iwekwe chini, karibu na nyumba, na bomba la moshi badala ya kienge.

Maji ya msitu huo hayaishii Marangu wala Machame. Yanaingia mto Pangani, yanajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na yanazungusha mitambo ya umeme ya Hale. Mkulima wa mpunga huko tambarare hajawahi kuuona msitu huo, lakini anaula.

Kama huna fedha za siku tano, bado unaweza kwenda. Raia wa Afrika ya Mashariki hulipa ada ndogo kuliko wageni wengine, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Lango la Marangu huruhusu watu kupanda mpaka Mandara na kurudi siku hiyo hiyo, na shule nyingi hupeleka watoto. Kutoka Mandara ni dakika kumi na tano hivi mpaka shimo dogo la Maundi. Panda ukingoni. Juu utaona Kibo na barafu yake, chini utaona msitu wote mpaka mashambani. Uondoke langoni mapema, maana ikifika adhuhuri mawingu hufunika kila kitu.